Chubwi, marisau na ardhi ya serikali: sheria ya risasi ianzie wapi?

Kabla sijaanza tuelewane, humu ndani nikisema risasi nakusudia yale madini yenyewe, laini, mazito, ya kijivu, yale mvuvi anayosubu, yani anayayeyusha na kuyamimina, akapata chubwi ya kuzamishia mshipi, na kiwanda kinayatia punje punje kwenye fataki za bunduki yakaitwa marisau; zile za kufyatuliwa nitaziita risasi za bunduki. Wamarekani wamegombana miaka na miaka juu ya madini haya, swali lao ni moja, je serikali ina haki ya kumwambia mwindaji na mvuvi kwamba ukiingia kwenye ardhi ya umma basi risasi iache nyumbani? Mpaka leo hawajamalizana. Na mie naona suala lenyewe linatuhusu sie wa Unguja na Pemba zaidi ya watu wanavyodhani, isipokuwa kwetu limekaa vyengine, bunduki kwetu ni jambo dogo, kubwa liko uani kwa mvuvi, pale seredani, lile jiko la mkaa, inapowashwa.

Madini haya yana ubaya gani hasa? Mwili wa mwanadamu hauna kazi nayo hata chembe. Yakiingia yanajifanya kama kalsiamu, yanapokelewa, yanakwenda kukaa kwenye mifupa na meno miaka mingi, na mwanamke akishika mimba mfupa unayarudisha kwenye damu yakamfikia mtoto tumboni. Shirika la Afya Duniani linasema wazi hakuna kiwango kinachojulikana kuwa ni salama, na mtoto mdogo akimeza risasi mwili wake unanyonya mara 4 hadi 5 ya anavyonyonya mtu mzima. Kinachoumia ni ubongo, na unaumia kimya kimya, mana mtoto haanguki wala hatapiki, anakuwa mzito wa kusoma, hatulii, hasira karibu, na mwalimu skuli anaona huyu hana akili tu. Ikizidi sana ndio inakuja degedege na kifo. Watu wazima nao wanapata presha na figo zinaharibika.

Upande wa ndege mambo ni ya haraka zaidi. Ndege hana meno, anameza vijiwe vidogo vikakaa kwenye firigisi kumsagia chakula, na kwa macho yake punje ya marisau au kirisasi kilichokatika kwenye mshipi ni kijiwe kama kijiwe chengine. Akishakimeza firigisi inafanya kazi yake, inasaga ile risasi pamoja na asidi ya tumbo mpaka inaingia kwenye damu, mbawa zinalegea, kinyesi kinakuwa kijani, hali chakula, haruki tena, na kirisasi kimoja tu kinatosha kumuua ndege mkubwa ndani ya wiki chache. Ndege wanaokula mizoga wao wanaipata kwengine, risasi ya bunduki ikipiga mnyama haibaki nzima, inapasuka vipande vidogo vidogo vinavyosambaa ndani ya nyama mbali na tundu lenyewe, vyengine huvioni kwa jicho mpaka upige eksirei. Ndio mana mwaka 2008 jimbo la North Dakota liliwaambia wanaogawa chakula kwa maskini waitupe nyama ya swala iliyotolewa na wawindaji.

Sheria zenyewe zimeanzia kwa ndege. Uingereza walikuwa wanapoteza mabata maji wakubwa weupe kwa maelfu, na ukiwapasua unakuta virisasi vya wavuvi wa mito, basi mwaka 1987 wakapiga marufuku virisasi vya kuanzia gramu 0.06 mpaka 28.35, na idadi ya wale ndege ikapanda tena. Angalia hapo, hawakugusa chubwi kubwa, waligusa zile saizi ndege anazoweza kumeza. Denmark wao walikwenda mbali zaidi, marisau ya risasi waliyafuta 1996 na baadae wakazuia na biashara ya risasi za kuvulia. Marekani mwaka 1991 walikataza marisau ya risasi kwa kuwindia bata nchi nzima. Alafu likaja suala la kondo wa California, tai mkubwa sana ambaye mwaka 1982 walibaki 22 tu duniani, na sumu ya risasi kwenye mizoga ndio sababu inayoongoza kuwaua wale walioko porini, jimbo likapitisha sheria mwaka 2013 na kuanzia tarehe 1 Julai 2019 mtu hawindi mnyamapori yeyote California kwa risasi ya madini hayo.

Sasa kwa nini ugomvi mkubwa ukaangukia kwenye ardhi ya umma? Ni kwa sababu sheria yao ya kemikali ya mwaka 1976 iliziacha nje risasi za bunduki, kwa hiyo mamlaka yao ya mazingira ilipoombwa izipige marufuku ilijibu haina uwezo huo. Mlango uliobaki ni serikali kama mwenye ardhi. Mwenye shamba anaweza kusema kwenye shamba langu usifanye kadha wa kadha, na shirika lao la wanyamapori linamiliki hifadhi nyingi sana. Tarehe 19 Januari 2017, siku moja kabla Obama hajaondoka, mkurugenzi wa shirika hilo Dan Ashe akatoa amri kwamba risasi za bunduki na vifaa vya kuvulia vyenye madini hayo viondoke polepole kwenye hifadhi zao mpaka ifikapo Januari 2022 viwe vimekwisha. Tarehe 2 Machi mwaka huo huo waziri mpya Ryan Zinke akaifuta. Yani hata miezi miwili haikutimia.

Wanaopinga msiwaone ni watu wabaya tu, wana hoja na nyengine ni za kweli. Wanasema risasi za bunduki za madini mengine ni ghali, mtu maskini anayewinda apate kitoweo ndio anayeumia. Wanasema uhifadhi wenyewe unalipiwa na kodi ya bunduki na risasi zake, na hilo kweli, ipo sheria ya mwaka 1937 inayokata kodi hiyo ikapelekwa kwenye wanyamapori, ukiwafukuza wawindaji umeikata na pesa. Na wanasema amri ilitoka ofisini bila ya kukaa na majimbo wala na watu wenyewe. Hii ya mwisho naitilia mkazo mana ndiyo iliyoiua ile amri, kitu kilichotolewa kwa kalamu siku ya mwisho kinafutwa kwa kalamu vilevile, na hapa kwetu tukienda mwendo huo tutapata matokeo hayo hayo.

Basi tuje nyumbani. Kwetu habari ya ardhi ya umma ni nzito kuliko Marekani, mana Sheria ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 1992 inasema ardhi yote ya Zanzibar ni ya umma na iko chini ya Rais, wewe unapewa haki ya matumizi tu. Juu ya hapo kuna maeneo yenye ulinzi maalumu, Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka tangu 2004, msitu wa Ngezi kule Pemba, Kiwengwa-Pongwe, na baharini kuna Menai, Mnemba, Tumbatu, na upande wa magharibi wa Pemba kuna eneo la hifadhi la mkondo wa Pemba. Kwa hiyo mwenye shamba hapa ni serikali kila unapokanyaga, mpaka pwani maji yanapokupwa. Kisheria njia ya kuweka sharti ni nyepesi.

Ugumu uko kwengine, nani aliandike hilo sharti? Uvuvi na misitu ni mambo ya Zanzibar yenyewe, kuna Sheria ya Misitu ya 1996, Sheria ya Uvuvi ya 2010, Sheria ya Mazingira ya 2015 na mamlaka yake ZEMA. Lakini polisi ni suala la Muungano, na bunduki ndio kwao, na ushuru wa forodha nao ni wa Muungano. Ina maana marisau na chubwi, madini yale yale, yanapita kwenye milango tofauti kabisa, na mtu akisema "serikali ikataze risasi" lazima umuulize serikali gani na ofisi gani, la sivyo kila mmoja ataelekeza kwa mwenziwe. Isitoshe Tanzania ni mwanachama wa mkataba wa ndege wa majini wanaohama baina ya Afrika na Ulaya na Asia, na mkataba ule ulizitaka nchi zijitahidi kuachana na marisau ya risasi kwenye maeneo oevu, lengo la mwanzo lilikuwa mwaka 2000. Wale vitwitwi tunaowaona miezi ya kaskazi wakichokoa Chwaka na Menai maji yakitoka, hao ndio mkataba unaowazungumzia.

Ila nisikudanganye, bunduki kwetu ni chache. Wasasi wetu wengi wanakwenda na mbwa, mikuki na nyavu, wanafukuza nguruwe mwitu wanaomaliza muhogo wa watu, wanatafuta paa, na mwenye bunduki katika kundi ni mmoja mmoja. Suala pekee ninaloliona hapo ni nguruwe aliyepigwa risasi, mana Muislamu hamli, saa nyengine anaachwa palepale au anakatiwa mbwa, na mbwa na kunguru na mwewe wote wanakula vile vipande. Hilo linahitaji sharti la mstari mmoja kwenye kibali cha kuwinda, mzoga ufukiwe. Kumlazimisha mtu mwenye bunduki kuukuu atumie marisau ya chuma kesho asubuhi mie siungi mkono, chuma ni kigumu na mitutu ya zamani haikutengenezewa hicho, inaweza kuharibika.

Wavuvi ndio habari nyengine kabisa. Wavuvi ni makumi ya maelfu, na wengi wao wana risasi. Mvuvi wa mshipi ana chubwi, mwenye nyavu ya kutega ana kamba ya chini iliyovishwa risasi kila baada ya shibiri kadhaa, na kimia, ule wavu wa kurusha, ndio usiseme, tazama pindo lake, vipande vidogo vidogo vya risasi vimezunguka duara zima, kila kimoja kimekunjwa juu ya uzi kikagongwa kikabana. Ukikaa diko lolote, pale vyombo vya uvuvi vinapofikia, jioni utaona kijana anatengeneza kimia chake mapajani, kipande kimelegea, anakitia mdomoni anakibana kwa meno alafu anaendelea na maneno yake, na mkono huo huo dakika mbili baadae umeshika andazi.

Na risasi hii haitoki dukani yote. Nyingi ni ya kuokota, mabetri ya gari yaliyokufa, vile vizani vya kubalansi matairi, maganda ya waya za zamani, inanunuliwa kwa kilo kwa watu wa vyuma chakavu. Alafu inapelekwa nyumbani kusubiwa. Risasi inayeyuka kwenye nyuzi 327 tu, mkaa wa seredani unafika huko bila shida, makumbi na vifuu pia. Inatiwa kwenye sufuria kuukuu au kopo la maziwa, inageuka maji yanayong'ara, juu yake unatanda utando wa kijivu kama majivu, mtu anauondoa kwa kijiko anaumwaga pembeni ya ukuta, kisha anamimina kwenye kalibu, saa nyengine kalibu yenyewe ni tundu tu kwenye mchanga, na mchanga ukiwa na majimaji ile risasi inaruka ikamuunguza mtu uso. Watoto wamechutama pembeni wanaangalia mana kwao ni kitu cha kupendeza mno.

Ule utando uliomwagwa ukutani ndio sumu yenyewe. Kipande kizima cha risasi ukikishika hakikudhuru sana, lakini utando ule wa kijivu ni unga mwepesi, unakauka, unapeperuka, unakaa kwenye mkeka, kwenye kanga iliyoanikwa, kwenye vidole vya mtoto anayetambaa na kutia kila kitu mdomoni. Kuku wa uani nae ana firigisi, anadonoa mchanga huo huo, na risasi inatokea mpaka kwenye mayai. Ikiwa iliyoyeyushwa ni sahani za betri ndio mbaya zaidi, mana zile zimejaa uji wa risasi uliochanganyika na asidi, unga wake ni mwingi kupita kiasi.

Haya si ya kubuni. Afrika Kusini watafiti waliwapima watoto wa vijiji vya wavuvi upande wa Western Cape, ambako watu wanasubu chubwi majumbani, wakakuta risasi nyingi kwenye damu zao, na Cartagena kule Colombia walikuta hali hiyo hiyo kwa watoto wa wavuvi. Na jirani yetu kabisa, Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru, kilikuwepo kiwanda cha kuyeyusha mabetri ya zamani, watoto wakaumwa, watu wakafa, mama mmoja aliyefanya kazi pale, Phyllis Omido, mtoto wake mchanga akakutwa na sumu hiyo, ndio akaanzisha mapambano, mwaka 2015 akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman, na mwaka 2020 mahakama ikaamua wakaazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, kesi ikaendelea na rufaa zake miaka mingine tena. Kile kilikuwa kiwanda. Lakini sumu haijui kiwanda na uani, na mtoto wa Kizimkazi au wa Wesha anaekaa hatua tatu na sufuria ile anavuta hewa hiyo hiyo.

Kwa hiyo mtu akiniuliza sheria ya risasi kwetu ianzie wapi, nasema ianzie kwenye kuyeyusha, baharini ije baadae. Chubwi ikishakwama kwenye jiwe la matumbawe inakaa pale inajivika ganda, inamong'onyoka polepole sana, na samaki unaemla leo hakupata sumu kutokana na chubwi iliyopotea jana. Sisemi haina neno, vile virisasi vidogo vya kimia vinavyobaki kwenye matope ya mikoko ndege anaweza kuvimeza, hivyo navyo vishughulikiwe. Lakini ukianza kwa kuwakagua wavuvi baharini utakuwa umewatia hasira watu wote na mtoto wa uani hujamgusa.

Mvuvi atauliza, na ana haki, sasa nitumie nini? Hapa pana hesabu nzuri ambayo watu hawaifanyi. Kilo moja ya risasi ndani ya maji ya bahari inavuta kama gramu 910, kwa sababu maji yanaibeba kidogo. Kilo moja ya chuma inavuta kama gramu 870. Tofauti ni ndogo mno. Kilo moja ya jiwe ndio inashuka mpaka kama gramu 600, na zege ni chini kidogo ya hapo. Maana yake kwa nyavu ya kutega, vipande vya nondo au pete za chuma vinafanya kazi ile ile, ila vinene zaidi kama mara moja na nusu na vinakula kutu, itabidi ubadilishe. Kwa mshipi, nati kubwa na plagi chakavu za pikipiki watu wanazitumia zamani na samaki wanakuja. Pabaya ni sehemu mbili, mshipi wa maji marefu kwenye mkondo mkali kama pale Nungwi au mkondo wa Pemba, kitu kinene kinasukumwa na maji na mshipi unalala, na kimia, mana kimia kinataka uzito mdogo mdogo laini unaokunjika, ukitia chuma kinachana uzi na hakifunguki vizuri kikirushwa. Hapo mbadala wa kweli ni bati, yale madini yenyewe na sio mabati ya kuezekea, au bismuthi, madini mengine mazito, na bei yake si ya mvuvi wa ngalawa.

Ndio mana naona sheria yenye akili kwetu isiseme "marufuku risasi" kwa neno moja. Iseme marufuku kuyeyusha risasi kwenye makaazi ya watu, na hapo hapo kuwe na sehemu moja kwa kila diko kubwa, ya wazi, mbali na nyumba, yenye kalibu nzuri na mtu anaejua kazi, mvuvi alete yake isubiwe. Ikataze kuuza sahani za betri kwa mtu yeyote asiekuwa na leseni. Iwape wavuvi miaka kadhaa ya kubadilisha nyavu za kutega kwenda chuma, mana nyavu zenyewe zinachakaa na zinasukwa upya. Kimia na mshipi wa maji marefu viachwe mwisho, mpaka mbadala upatikane kwa bei ya mtu wa kawaida. Na haya yote yaanze kwa kukaa na kamati za wavuvi za shehia, sio tangazo. Sisi tulizuia mifuko ya plastiki mwaka 2006, Bara wakafuata 2019, kwa hiyo kutangulia tunaweza, lakini mfuko ulizuiliwa hasa bandarini na dukani, na hii risasi tayari iko ndani ya kisiwa, kwenye kila gari mbovu.

Na damu za watoto zipimwe. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilisema mtoto akiwa na maikrogramu 5 kwa desilita moja ya damu basi itafutwe inakotokea risasi ile na iondoshwe. Bila ya kupima kwenye vijiji vya wavuvi, kikao chochote kitaishia kwenye "mbona babu zetu walisubu na hawakufa", na huna cha kumjibu mzee yule.

Mpaka hiyo sheria ije, yapo ambayo mwenye nyumba anaweza kuyafanya bila ya kibali cha mtu. Kazi ya kusubu ifanyiwe nje kabisa, upepo uwe mgongoni, watoto na wajawazito wasiwepo, betri isifunguliwe nyumbani asilani. Kirisasi kibanwe kwa koleo na sio meno. Utando ule utiwe kwenye kopo lenye kifuniko, usimwagwe chini. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula, nguo za kazi zifuliwe peke yake, mchanga wa pale uani unyunyizwe maji kabla ya kufagiwa ili unga usipeperuke, na sufuria iliyoyeyushiwa risasi isirudi jikoni hata ikisuguliwa namna gani.